Birika na Tasa Sokoni Owino

Mgeni wa Kampala hupelekwa vilimani. Atapandishwa Old Kampala akaone jiji zima kutoka kwenye mnara wa msikiti, apelekwe Namirembe na Rubaga kutazama makanisa makuu, Mengo kwenye lango la Kabaka, mfalme wa Buganda, kisha Kasubi kwenye makaburi ya wafalme. Yote hayo yanastahili safari. Lakini mimi nikipata asubuhi moja tu Kampala nateremka bondeni, Nakivubo, ambako maji ya vilima hukutana kwenye mfereji mmoja na watu wa vilima hukutana katika soko moja. Soko hilo ni Owino, na katika masoko yote ya Afrika Mashariki niliyokanyaga sijaona linalonipa raha kama hili.

Kwenye karatasi za serikali linaitwa Soko la St. Balikuddembe, kwa heshima ya Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyewasimamia vijana watumishi katika ikulu ya Kabaka Mwanga, na aliyeuawa papa hapa Nakivubo tarehe 15 Novemba 1885, akawa wa kwanza katika mashahidi Wakatoliki wa Uganda. Kondakta wa teksi hana muda na jina refu hivyo. Anasema Owino, na abiria wanajua pa kushukia. Soko lilianzishwa mwaka 1971, na leo wachuuzi wake hukadiriwa kufika 50,000. Limeungua zaidi ya mara moja, moto wa Februari 2009 ukiwa miongoni mwa mikubwa, na kila lilipoungua walilisimamisha tena wale wale waliounguliwa. Mahali penye watu wa namna hiyo panahitaji kusifiwa kwa sauti.

Wengi huja hapa kwa mitumba, nguo na viatu. Mimi hunileta vyombo: sinia, mabuli, madele, mabirika ya kunawia, vyetezo, mirashi, vyombo vya karamu vilivyotengenezwa kwa shaba, bati, alumini na chuma cha pua, vikiwa na nakshi zilizoazimwa kwa Wagiriki, Warumi, Waturuki, Wahindi na Waarabu.

Kuvifikia kunataka subira. Ukitokea kwenye stendi ya zamani ya teksi unaingia vichochoro ambamo watu wawili wanapishana kwa ubavu, juu mabati na maturubai, chini udongo uliokanyagwa ukawa mgumu. Unapita suruali za jinzi zilizotundikwa hadi darini, unapita mapazia, unapita magunia ya mukene, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, ambao harufu yao inakufuata hatua kadhaa mbele. Wapagazi wanakuja na marobota kichwani na hawana breki, kwa hiyo wewe ndiye unayejibana ukutani. Wanawake wanapita na sahani za matoke yaliyofunikwa, wakiwapelekea wachuuzi chakula kwenye meza zao. Kisha mwanga unabadilika: mbele yako pana meza zinazong'aa, na sauti ya chombo kikigonga chombo inaanza kusikika kabla hujaviona vyenyewe vizuri.

Kwenye meza moja ya mbao, ya mama mmoja wa makamo, nilikuta vitu hivi vimekaa pamoja. Masufuria mazito ya alumini kutoka kwa mafundi wa Katwe, mtaa wa hapa hapa Kampala, ambao huyeyusha alumini chakavu na kuimimina kwenye kalibu za mchanga. Sinia za chuma cha pua kutoka China. Sinia nyingine za rangi ya dhahabu, zenye mikono ya maua, mtindo wa Kituruki unaopendwa sasa kwenye sherehe. Dele la kahawa la shaba, la Kiarabu, mdomo wake umepinda. Mrashi wenye shingo ndefu, wa kunyunyizia marashi. Buli la kizungu lililopakwa fedha. Na nyuma ya vyote, birika la shaba la kunawia mikono pamoja na tasa yake.

Nilishika buli kwanza. Tumbo limejaa chini, kiuno kimebanwa, kifuniko kimeinuka na kuishia kwenye kinundu. Waingereza huuita mtindo huo kwa jina la malkia wao Anne, aliyetawala kuanzia 1702 hadi 1714. Nililigeuza. Kwenye kitako zimegongwa herufi nne, E, P, N na S, kila moja ndani ya kijisanduku chake, zikapangwa kwa mstari kama zinavyopangwa alama za fedha halisi. Maana yake ni kwamba mwili wa buli ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, na fedha iko juu tu, utando mwembamba uliotiwa kwa umeme. Ufundi huo ulipewa hataza mwaka 1840 kwa George Elkington wa Birmingham. Kwenye ukingo wa kitako, pale ambapo mikono ya watu wengi imepita na kitambaa kimesugua, utando umekwisha na metali ya ndani imechungulia, rangi ya kijivu iliyoingia umanjano kidogo.

Mwenye meza aliona ninavyotazama. "Gonga, nnyabo," akaniambia, akiniita bibi kwa Kiganda. "Gonga usikie."

Niligonga kwa kucha. Akachukua masufuria mawili, la Katwe na la kiwandani, akayagonga kwa funguo zake. Kisha akagonga tasa ya shaba, na hiyo ikaitika kwa muda mrefu mpaka akaizima kwa kiganja. Chombo chenye ufa, alinieleza, sauti yake hukatika ghafla. Kwenye mfuko wa aproni alikuwa na sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu. Akaigusisha kwenye sinia moja iliyokuwa ikijifanya shaba, ikanasa kwa kishindo: chuma kilichopakwa rangi. Akaigusisha kwenye tasa, ikateleza. Nimewahi kusoma vitabu vya vyombo vya kale vyenye picha nzuri sana. Hakuna hata kimoja kilichonifundisha haraka na waziwazi kama mama huyu.

Sasa tazama sinia ya China, ile ya bei rahisi kuliko zote mezani. Pembeni mwake umepita mstari unaokunja kona, unajirudia ndani, unatoka, unakunja tena, hadi umezunguka sinia nzima. Mashine imeugonga kwa sekunde chache. Lakini mstari huo Wagiriki waliuchora kwenye vyungu vyao zaidi ya miaka 2,700 iliyopita, Warumi wakautia kwenye sakafu zao, na Ulaya ikauchukua tena katika karne ya 18, baada ya kuanza kufukua miji iliyozikwa na majivu ya mlima Vesuvius: Herculaneum mwaka 1738, Pompeii mwaka 1748. Kilichotoka ardhini kiliwapandisha watu wazimu wa mapenzi. Msanifu Robert Adam alijaza majumba ya matajiri wa Uingereza mashada, shanga na mitungi ya Kirumi, na Matthew Boulton akavitengeneza vyombo vya sura hizo katika kiwanda chake cha Soho, karibu na Birmingham. Fundi wa Sheffield, Thomas Boulsover, alikuwa amekwisha kugundua, mwaka 1743, kwamba fedha na shaba zikishikanishwa kwa moto huweza kufuliwa pamoja kama bamba moja. Hapo ndipo mwalimu na muuza duka wakaanza kuweka mezani sura ya vyombo ambavyo kabla ya hapo vilikuwa vya mabwana.

Kwa hiyo mtu anapokunja pua mbele ya sinia hii na kusema ni feki, mimi siungani naye. Sheffield iliiga London, London iliiga Roma, Roma iliiga Ugiriki. Kila mmoja alichukua umbo kwa aliyemtangulia akalifanya jepesi zaidi, rahisi zaidi, likafika kwa watu wengi zaidi. Owino ni kituo kingine katika njia hiyo, na kwa hesabu yangu ni kituo cha heshima kuliko vingi, kwa sababu hapa mstari wa Wagiriki unanunuliwa na mwanamke anayeuza nyanya, akaandalie wageni wa binti yake.

Kwenye mkono wa sinia ya dhahabu kuna majani yaliyokatika kingo, yamejipinda nchani. Ni majani ya akantho, na asili yake imesimuliwa na Vitruvius, mjenzi Mrumi aliyeandika katika karne ya kwanza kabla ya Kristo. Anasema huko Korintho alikufa binti aliyekuwa karibu kuolewa. Yaya wake akakusanya vikombe alivyovipenda binti huyo, akavitia kwenye kapu, akaliweka kaburini na kulifunika kwa kigae. Chini ya kapu palikuwa na mzizi wa akantho. Masika yalipofika majani yakachipua, yakapanda pembeni mwa kapu, na yalipokuta kigae yakapinda. Mchongaji Callimachus akapita, akaona, akachonga kichwa cha nguzo.

Hadithi hiyo nimeifikiria sana Owino, soko ambalo sehemu kubwa ya bidhaa zake zimewahi kuwa za mtu mwingine. Mnamo Agosti 2023 Rais Museveni alisema angepiga marufuku nguo za mitumba, akieleza kwamba ni nguo za wafu wa huko kwa Wazungu. Hoja ya viwanda vya ndani naielewa, na ninawatakia heri wafumaji wa Uganda. Lakini kitu cha marehemu si najisi. Vikombe vya yule binti vilizaa jani ambalo dunia imelichonga kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Buli la bibi wa Kiingereza, ambalo wajukuu zake hawakutaka hata kulisugua, limevuka bahari, likapita bandari ya Mombasa, likapanda hadi Kampala, na hapa limepata mtu wa kuligonga na kulisikiliza.

Nimechelewesha birika na tasa kwa makusudi, kwa kuwa ndivyo vilivyonifanya niandike. Birika hilo lina tumbo pana, shingo iliyosimama, mdomo mrefu unaoinuka kisha kuinama, mkono uliopinda na mahali pa kukanyagia kwa dole gumba ili kifuniko kifunguke. Mwilini limechorwa mizabibu kwa patasi, mchoro mwembamba wa kazi ya Kihindi, aina inayotoka Moradabad, mji wa kaskazini mwa India uliojengwa karne ya 17 na unaojulikana hadi leo kwa shaba yake. Tasa ina ukingo mpana na sahani yenye matundu juu yake, maji machafu yapite yasionekane.

Wazungu nao walikuwa na birika na tasa zao. Zamani, kabla ya uma kuenea mezani, mgeni wa heshima Ulaya alimiminiwa maji mikononi kutoka kwenye birika la fedha, tasa ikiwa chini, na wafua fedha waliweka ufundi wao wote kwenye vyombo hivyo viwili. Uma ulipokubalika, mikono ikaacha kuingia kwenye chakula, na birika likakosa kazi. Likapanda kabatini. Ukiyataka mabirika hayo leo, nenda makumbusho ya Victoria and Albert mjini London, utayakuta nyuma ya kioo, mazuri ajabu, na makavu.

Kwetu halikukosa kazi hata siku moja. Uganda, kama ilivyo Zanzibar, Tanga au Lamu, mgeni haambiwi karibu chakula kabla ya kumiminiwa maji. Kijana au binti wa nyumba hupita na birika mkono wa kulia, tasa mkono wa kushoto, taulo begani, akianzia kwa wazee. Kwenye kwanjula, siku ambapo bwana harusi wa Kiganda hutambulishwa kwa ukoo wa mchumba wake, zipo meza zenye masinia, kuna luwombo, kitoweo kilichopikwa ndani ya jani la mgomba, na kuna mikono mingi ya kunawa. Mikahawa mingi siku hizi imetundika tangi la plastiki lenye bomba. Linafanya kazi. Lakini tangi halimwinamii mtu. Birika linamlazimu anayemimina amtazame anayenawa, na hiyo ndiyo adabu yenyewe.

Ndiyo maana nasema maumbo haya ya kale Owino yako kazini. Kwingine yanaitwa mapambo. Hapa mdomo wa birika unapimwa kwa kumimina maji, hauhukumiwi kwa picha. Nilimwomba mwenye meza anionyeshe, akajaza kikombe cha maji, akakitia ndani, akainamisha. Mkondo ulitoka mwembamba, ukakatika safi bila kudondosha ubavuni. Aliyeuchora mdomo ule alijua anachokifanya.

Njia ambazo vyombo hivi vilipitia kufika Kampala ni sehemu ya utamu wake. Misafara ya pwani ilitangulia: mwaka 1844 Ahmed bin Ibrahim alikuwa katika baraza la Kabaka Suna, na wafanyabiashara waliofuata walipandisha vitambaa, shanga na masango ya shaba. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu 1901 na Kampala 1931, na mizigo ya Birmingham na Bombay ikapata njia nyepesi. Familia za Kihindi zilifungua maduka na kuweka shaba zao majumbani. Kisha tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin akatangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Makumi ya maelfu waliondoka na mizigo waliyoweza kubeba, wakiacha nyumba na vilivyomo. Kila ninaposhika shaba ya Kihindi mjini Kampala nakumbuka hilo, na nakiweka chombo chini kwa adabu zaidi.

Birika lile lilikuwa na kovu. Mkono wake ulivunjika zamani, na fundi akaurudishia kwa kulehemu na kuzidisha ribiti mbili za shaba, bila kujaribu kuzificha. Mwenye meza alisema ni kazi ya Katwe. Mtoza vitu vya kale wa Ulaya angepunguza bei kwa sababu ya kovu hilo. Mimi ndilo lililonifanya nilipende: vichwa vya ribiti vimesawazishwa hadi kidole hakivihisi, na mkono umekaa palepale unapotakiwa ili birika likijaa lisizidi kuelemea mbele. Fundi huyo hakusoma historia ya mabirika. Aliishika kwa mikono. Mwenye meza alitaja shilingi 80,000 za Uganda. Tukaongea, tukacheka, akanionea huruma, tukakutana 55,000 pamoja na tasa. Mama wa meza ya jirani, aliyekuwa akitusikiliza muda wote, akamwambia kwa Kiswahili ili nami nisikie kwamba ameniuzia kwa bei ya dada.

Kuna mambo machache ambayo msafiri lazima ayajue, na nayasema kwa sababu ya afya kuliko ya fedha. Shaba ya kunawia au ya kupambia haina shida. Shaba ya kupikia au kuwekea chakula, hasa chenye ndimu, ukwaju au siki, ni lazima iwe imepakwa bati ndani, maana tindikali huimumunya shaba na chakula hicho humdhuru mlaji. Ukiona ndani pana kutu ya kijani, chombo hicho kiwe cha maua mpaka kitakapopelekwa kwa fundi. Buli la herufi nne usilisugue kwa steelwool hata likiwa jeusi namna gani. Fedha yake ni nyembamba na haitarudi. Shaba isiyopakwa kitu inapenda ndimu na majivu, kama bibi zetu walivyofanya, kisha maji safi na kitambaa kikavu papo hapo.

Nenda asubuhi, kabla jua halijapasha mabati na kabla mvua ya mchana haijaujaza mfereji wa Nakivubo. Beba noti ndogo. Simu iweke mfuko wa mbele. Salimia kabla ya kuuliza bei, kwa Kiganda ukiweza, na usipoweza Kiswahili kinapokelewa vizuri, kwa kuwa meza hizi zimezoea wateja wa Kongo, Rwanda, Sudan Kusini na Kenya. Gonga kila kitu. Geuza kila kitu utazame kitako. Na ukipata birika, ukaenda nalo nyumbani, nakuomba usilifungie kabatini. Mpe mtoto wa nyumba, mfundishe kuanzia kwa wazee, na wageni wanawe.